Vua kwa jicho, vua kwa mkono: Wazungu wabishana, mjomba wa Lusewa apata kitoweo

Mgongo umegoma na kiuno kinadai haki zake. Nimetoka safari. Si ile ya Bagamoyo ya kwenda asubuhi na kurudi jioni. Nimetoka Lusewa, bwana!

Najua wewe wa Sinza umeshaanza kukuna kichwa: Lusewa ndiyo wapi? Sikiliza. Unapanda basi Dar jogoo hajawika. Morogoro, Mikumi, Iringa, Mafinga, Makambako, Njombe, mpaka Songea, miguu imevimba kama maandazi. Unalala. Kesho yake unashika njia ya Namtumbo, kisha unaiacha lami na kuyakabidhi mapafu yako kwa vumbi. Zamani barua za huko tuliandika "Songea" tukamaliza. Siku hizi Lusewa iko Wilaya ya Namtumbo, mkoa ule ule wa Ruvuma.

Nilifuata nini? Nilitumwa. Na aliyenituma ni mama mzazi, mtu ambaye hatumi mara mbili.

"Nenda Lusewa," alisema, "kamnyang'anye kaka yangu mshipi na ndoana. Usimwachie hata kimoja."

Kisa chenyewe ni hiki. Mjomba wangu ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. La kulia limefunga kabisa, la kushoto linaona vivuli tu. Lakini kila siku ya Mungu, jua likipunguza ukali, mzee anachukua mwanzi wake anakwenda mtoni, peke yake. Na mto wa kule si bwawa la kuogelea la hoteli. Maji ya upande ule huteremka kwenda Ruvuma, na mamba hawaulizi kama unaona au huoni. Mwaka jana mbuzi wa jirani alikwenda kunywa maji, mpaka leo hajarudi.

Sasa wewe niambie. Kwetu upande wa mama ni Wayao. Kwa Wayao mjomba ndiye mwenye neno. Mpwa hukaa mkekani akasikiliza. Hayo mapandikizi ya kumwambia mjomba "lete ndoana" ningeyatoa wapi? Nikawaza, nikawazua, nikapata ujanja wa mjini. Nikaamua kumpelekea ufito wa Ulaya. Atauona, atauogopa, atasema, "Ah, uvuvi siku hizi umekuwa kazi ya vijana wenye macho," halafu atastaafu mwenyewe kwa heshima zake.

Ujanja huo ulinikuta na nini, tutafika. Kwanza nikujuze huo ufito ni kitu gani, maana bila hivyo kisa hakina chumvi.

UFITO KUTOKA PRAGUE

Nina mshikaji wangu mmoja aliyekaa Prague miaka sita. Wengine wakirudi kutoka majuu wanashuka na redio na majaketi. Yeye alishuka na ufito wa futi 10, mwepesi kama unyoya, ncha nyembamba kama mkia wa panya, pamoja na kijikasha chenye vidudu vya bandia mia na ushee. Tukamcheka kijiweni mpaka machozi. Siku moja akanichukua mpaka milima ya Mufindi, kule kwenye mashamba ya chai ambako ukipumua unatoa moshi. Huko ndiko nilikokutana na samaki anayeitwa trauti.

Trauti si wa kwetu. Ni mgeni aliyeletwa na wakoloni wa Kiingereza waliokuwa hawawezi kukaa mahali bila samaki wao. Kenya ndiyo iliyotangulia. Mwaka 1905 mlowezi mmoja maarufu, Ewart Grogan, alileta mbegu ya trauti kutoka Loch Leven, Scotland, akaitia katika mto Gura, milima ya Aberdare. Baadaye trauti wakasambazwa kwenye mito mingine ya baridi Afrika Mashariki, na nyanda zetu za juu za kusini nazo zikapata mgao.

Samaki huyu anataka maji ya baridi yanayokimbia. Maji yakizidi nyuzi 20 anaanza kutaabika. Yakikaribia 25 yuko hoi. Ndiyo maana Mufindi anaishi na Lusewa hatakanyaga. Na tusimlilie, maana trauti akiingia mto usio wake huwafyeka samaki wadogo wenyeji. Wataalamu wa hifadhi duniani wamemweka kwenye orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya kupita vyote. Kwa hiyo mvue alipo, mle, lakini asikudanganye mtu umbebe kwenye ndoo ukampandikize mto wa kwenu.

TUNUTU NI NANI?

Vile vidudu kwenye kijikasha cha mshikaji vilikuwa tunutu wa bandia. Tunutu ni mdudu mchanga, bado hajaota mbawa. Wako wadudu wanaoishi chini ya mawe ya mtoni miezi na miezi, wengine mwaka mzima, wakiwa tunutu. Siku ikifika wanapanda juu ya maji, wanavua ngozi, wanaruka, wanaoana, wanataga, wanakufa. Wapo ambao maisha yao ya angani ni siku moja tu. Harusi asubuhi, matanga jioni!

Sasa trauti si mjinga. Kwa nini angoje harusi ya siku moja, wakati chini ya mawe pilau linaiva mwaka mzima? Sehemu kubwa ya chakula chake anakila chini. Anayetaka kumpata ashushe tunutu wake wa bandia mpaka kule chini, atembee na maji kama mdudu aliyeteleza kwenye jiwe.

Hapo ndipo ngoma inapokuwa nzito. Juu maji yanakimbia. Chini yanakwenda taratibu, kwa sababu yanajikwaruza na mawe. Mshipi wako ukilala juu ya maji, unakokotwa na mbio za juu na kumburuta tunutu kama mlevi anayeburutwa na askari. Trauti akimwona mdudu anayekwenda kasi kuliko maji, anacheka na kugeuka zake. Mitindo yote ya Ulaya ya kuvua kwa tunutu inatafuta dawa ya ugonjwa huo mmoja.

KASHESHE LA LONDON

Lakini kabla ya dawa kulikuwa na ugomvi, tena ugomvi wa waungwana wenye tai. Uingereza ya zamani kulikuwa na bwana mmoja, Frederic Halford, aliyeandika vitabu vyake mwaka 1886 na 1889 vikawa kama msahafu wa wavuvi. Wafuasi wake wakashika kwamba mtu wa heshima anavua kwa nzi anayeelea juu tu, tena akishamwona samaki akila. Kushusha kitu chini ni uhuni.

Akatokea mwanasheria wa London, G. E. M. Skues. Yeye mwaka 1910 akatoa kitabu kusema jamani, samaki anakula chini, kwa nini tujidanganye? Kelele zikaanza. Halford alifariki 1914, lakini wafuasi wake hawakusalimu amri. Mwaka 1938 chama cha wavuvi wa nzi pale London kiliitisha mjadala rasmi kuhusu tunutu, halali au haramu. Skues alikuwa na miaka 79. Mzee wa umri huo kusimamishwa kizimbani na wenzake kwa ajili ya mdudu wa manyoya! Na wewe unadhani mjadala wa Simba na Yanga ndio wenye vichaa peke yake?

Aliyekata mzizi wa fitina kwa vitendo hakuwa mtu wa tai. Alikuwa mlinzi wa mto, Frank Sawyer wa mto Avon, kusini mwa Uingereza. Kazi yake ilikuwa kukaa na mto kutwa kucha, kwa hiyo alijua ambacho wenye vilabu hawakukijua. Akachukua nyoya la mkia wa ndege anayefanana na kwale, akalizungushia kwenye ndoana kwa waya mwembamba wa shaba badala ya uzi, na uzito wa waya ukamzamisha tunutu. Kitabu chake kikatoka 1958. Akafundisha na ujanja mwingine: tunutu akikaribia samaki, nyanyua kidogo ncha ya ufito. Samaki akiona mdudu anapanda, anadhani chakula kinatoroka, anakibugia bila kufikiri.

Shika sana huo ujanja wa kunyanyua, tutakutana nao tena.

WAPOLAND WAPIKA, WACHEKI WAPAKULIWA SIFA

Mwaka 1981 yakaanza mashindano ya dunia ya uvuvi wa nzi, ya kwanza Luxembourg. Mashindano yana sheria kali. Marufuku kufunga chubwi kwenye mshipi. Marufuku chelezo. Ndoana lazima isiwe na kijino, ili samaki apimwe na kurudishwa mtoni mzima. Sasa ukikatazwa chubwi, uzito utauweka wapi? Ndani ya mdudu mwenyewe! Wakaanza na risasi, siku hizi ni kishanga cha tangsteni kichwani, madini mazito kuliko risasi karibu mara mbili. Mdudu mdogo kama punje ya mtama anazama kama shoka.

Katika miaka ya 1980 Wapoland ndio waliowaonyesha wenzao mtindo wa mshipi mfupi. Husimuliwa kwamba vifaa vya madukani vilikuwa adimu kwao, kwa hiyo walifunga uzi wa kawaida, usiozidi sana urefu wa ufito, wakasogea karibu kabisa na samaki. Wacheki wakauona, wakauchukua, wakaunoa, wakabeba nao medali. Dunia nzima ikauita mtindo wa Wacheki. Wapoland mpaka leo wanasonya. Si unajua ya kwetu? Mmoja anatunga wimbo, mwingine anaurekodi, kwenye harusi anatuzwa yule wa pili.

Mtindo huo uko hivi. Unasimama kwenye maji ya magotini mpaka kiunoni, yenye mbio na mawe. Hurushi mbali; unatupa mbele yako kidogo tu. Tunutu wawili au watatu wazito wanazama, ncha ya ufito inawatangulia ikiwaongoza, mshipi umekaza, hakuna uzi unaolala juu ya maji. Mita mbili tatu, unanyanyua, unatupa tena. Kila kitu kiko mkononi. Maji yawe na rangi ya chai ya rangi au ya maziwa, shauri yake, kwa sababu samaki naye hakuoni. Huu mimi nauita mtindo wa MKONO.

WAFARANSA NA WAHISPANIA NAO WAKASEMA YAO

Mfaransa akatazama akasema, hayo ni kwa mito yenu. Yangu ina vipindi maji yanapungua, yanakuwa maangavu kama kioo, samaki anauona mpaka mshono wa suruali yako. Ukimsogelea karibu, kaondoka. Basi Mfaransa akarefusha: uzi mwembamba wa mita 6 mpaka 9, tunutu mwepesi, mmoja au wawili, unatupwa mbali kuelekea maji yanakotoka. Katikati ya uzi kuna kipande chenye rangi kali, cha waridi au njano, wengine wanakisokota kama springi. Kazi yako ni kukitumbulia macho. Kikisita, kikinyooka, kikitikisika hata kama nzi amekitua, vuta! Huu ndio mtindo wa JICHO. Mkono hauna habari mpaka samaki ameshanasa.

Mhispania akakaa katikati kama msuluhishi wa ndoa. Uzi wake mrefu kama wa Mfaransa, ila tunutu wake wazito zaidi, na ufito anaunyanyua juu ili uzi usiguse maji. Ndoana ikiwa mbali anatazama. Ikisogea karibu anahisi. Anavua maji ya kasi na ya taratibu kwa uzi ule ule, akibadilisha uzito wa mdudu tu. Siku hizi wengi duniani wamechanganya yote, uzi wa mwisho umekuwa mwembamba wa milimita 0.10 mpaka 0.14, haupishani sana na unywele. Uzi ukiwa mwembamba, maji hayapati pa kuushika.

Ukiniuliza upi bora, nitakuuliza mto wako ukoje. Wapoland walikuwa na maji ya kasi, Wafaransa maji ya kioo, wote wakabanwa na sheria za mashindano. Hakuna aliyeamka asubuhi akasema leo nabuni staili. Maji ndiyo yaliyowafundisha.

Haya nayajua leo. Wakati napanda basi la Songea nilikuwa nayajua kwa mdomo tu, na huko ndiko kulikoniponza.

SIKU YA SIKU

Nilifika Lusewa jioni. Mjomba alikuwa barazani, uso umeelekea njiani, fimbo mapajani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Umekonda."

Mtu haoni, lakini amejua nimekonda kwa kunishika kiganja! Nikatoa habari za mjini, za mama, za bei ya mchele, mwisho nikatoa ufito. Akaupapasa kuanzia kitakoni mpaka nchani, taratibu kama anayepapasa mtoto mgonjwa. Hakusema kitu. Nami nikaanza mhadhara. Nikamweleza Wafaransa, nikamweleza kipande cha rangi, nikakazia makusudi kwamba uvuvi wa kisasa ni macho, mjomba, ni macho tupu.

"Kesho tutakwenda," akasema. "Unionyeshe."

Kesho yake jioni tukatoka. Nilidhani nitamshika mkono. Wapi! Yeye ndiye aliyenishika mimi penye utelezi. Akanipeleka mahali ambapo maji ni membamba, yanakimbia juu ya mawe yakipiga kelele, na ukingoni kuna mwamba bapa.

"Hapa mamba hapapendi," akasema. "Yeye anataka maji yaliyotulia, ajifiche. Maji yanayopiga kelele mimi nayasikia, na yeye yanamsumbua. Miaka mitatu sijakaa pengine."

Nikameza mate. Mama hakuniambia hilo, kwa sababu mama hakuuliza.

Nikafunga uzi wangu wa Kifaransa, mita 7 kamili. Nikatupa. Mara ya kwanza nikanasa kichaka. Mara ya pili nikanasa kofia yangu mwenyewe. Mara ya tatu ukaenda majini vizuri, nikatumbua macho kwenye kipande cha waridi kama Mfaransa wa kuzaliwa. Lakini mvua ilikuwa imenyesha juu huko, maji yamekuwa rangi ya chai. Kipande kinacheza na povu, sijui nini wimbi, nini samaki. Nusu saa nzima nilichovua ni mzizi mmoja na jani la mgomba.

"Hicho cha rangi ni cha nini?" mjomba akauliza.

"Cha kutazama, mjomba. Kikisita, unavuta."

"Na anayevua usiku?"

Nikanyamaza.

"Hebu lete."

Akauchukua ufito. Akavuta uzi, akaupima kwa mikono mpaka ukalingana na ufito wenyewe, uliozidi akauzungusha kwenye rili. Kipande cha waridi kikaingia humo humo, hakikuonekana tena. Akaomba mdudu mzito. Nikampa tunutu mwenye kishanga cha tangsteni, akamweka kwenye ulimi kwanza (usiniulize kwa nini), akacheka, akasema, "Huyu nawajua ndugu zake, wako chini ya jiwe hili." Halafu akatupa mbele yake kidogo tu. Ncha ya ufito ikatangulia, uzi umekaza, kidole cha shahada chini ya uzi.

Akaanza kusema kama anayesoma barua.

"Jiwe. Jiwe. Mchanga. Jiwe kubwa, limeota ukoka. Jani. Mchanga..."

Mpenzi msomaji, nywele zilinisimama. Mtu haoni pua yake, lakini anausoma mto kwa kidole, mita mbili mita mbili! Kila alipofika mwisho alinyanyua ncha polepole kabla ya kutupa tena. Nikamuuliza mbona ananyanyua.

"Samaki akiona chakula kinaondoka, anaona wivu," akasema.

Frank Sawyer wa mto Avon hajawahi kufika Lusewa, na mjomba hajui hata Avon ni nguo au mtu. Lakini wote wawili wamekaa na mto mmoja miaka mingi, na mto umewanong'oneza neno lile lile.

"Jiwe. Mchanga. Jiwe... SAMAKI!"

Ufito ukapinda kama upinde. Perege wa kujaza kiganja na kuzidi. Kabla jua halijazama alikuwa na watatu. Mimi na macho yangu mawili mazima yasiyo na miwani nilikuwa na jani la mgomba.

NIKASEMA LILE NILILOTUMWA

Tulipokaa kwenye mwamba kuwaparua, nikaona kunyamaza ni woga. Nikamwambia ukweli. Nimetumwa nikunyang'anye, mjomba. Mama halali. Anakuona kila usiku ndotoni mdomoni mwa mamba.

Akakaa kimya muda mrefu, kisu kinakwangua magamba.

"Mpwa wangu," akasema, "nyumbani kila mtu ananishika mkono. Nikisimama wananiambia kaa. Nikienda chooni kuna mtoto nyuma. Hapa ndipo mahali pamoja nilipobaki mtu mzima. Mkininyang'anya mshipi, huyo mamba atakuwa amekosa nini?"

Msomaji, sikuwa na jibu. Una jibu wewe?

Lakini mama naye hakukosea. Maji ya kelele yana mwisho wake, na mamba ana miguu. Tukazungumza mpaka giza likaingia, mjomba na mpwa, sauti ikipanda na kushuka. Mwisho tukapatana mambo mawili. La kwanza, haendi tena peke yake; anakwenda na mjukuu mmoja akishatoka shule. Mtoto anakaa juu ya mwamba anatazama maji, mzee anahisi uzi. Macho ya mmoja, mkono wa mwingine. La pili ndilo lililokuwa gumu: macho yenyewe. Mtoto wa jicho hutolewa kwa upasuaji mfupi, lenzi iliyopata ukungu inaondolewa, inawekwa ya bandia, na watu wengi siku ile ile wanarudi nyumbani. Si uchawi, si uzee usio na dawa, na hakuna tone la mitishamba linaloiondoa. Mjomba alikuwa ameahirisha miaka miwili.

"Naogopa," akasema.

"Kisu, mjomba?"

"Hapana. Nikianza kuona, mkono si utasahau?"

Nikamwambia kuhusu Wahispania. Kwamba wako watu wanaotumia vyote viwili, jicho kwa mbali, mkono kwa karibu, na ndio wanaosumbua wenzao kwenye mashindano. Akacheka mpaka akakohoa. Asubuhi yake akanipa tarehe ya kwenda naye hospitali, baada ya mavuno. Nauli nimeshaitenga, na imewekwa mahali ambapo hata mimi mwenyewe siwezi kuifikia mwisho wa mwezi.

KWAKO WEWE WA MJINI

Usije ukasema safu hii imekuacha mikono mitupu. Ukienda likizo kwenu na kuna mto, jaribu hivi. Kata mwanzi wa mita tatu. Funga uzi mwembamba kadiri utakavyopata, urefu sawa na mwanzi. Wewe hushindani na mtu, kwa hiyo chubwi kidogo unaruhusiwa, punje moja tu. Geuza jiwe utazame wadudu gani wanakaa pale, halafu weka chambo kinachofanana nao. Tupa karibu, ongoza kwa ncha, kaza uzi bila kuuvuta, nyanyua mwishoni. Maji yakiwa machafu amini kidole. Yakiwa maangavu rudi nyuma, refusha uzi, tumia macho. Kabla ya yote waulize wenyeji mamba anakaa wapi, na uulizie kibali kama mto una sheria zake. Na neti za mbu waachie mbu.

Nilipofika Dar mama alikuwa mlangoni, hata maji hakunipa.

"Umemnyang'anya?"

"Mama," nikasema, nikirudi nyuma hatua mbili kwa usalama, "nimemwongezea ufito."

Alininunia siku mbili. Ya tatu nikamkuta ananong'ona kwenye simu na kaka yake. Nilisikia upande mmoja tu: "Jiwe... ehe... mchanga... ehe... samaki? Wee!" Akacheka kicheko ambacho sijakisikia tangu mzee wetu afariki.

Mshikaji wangu wa Prague sasa ananidai ufito wake kila tukikutana kijiweni. Nimemwambia aufuate Lusewa. Nauli juu yake.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.